Gari ni la dada, lakini tairi nanunua mimi

Barua ya leo imetoka kwa dereva wa teksi wa Kiembeni, Mombasa. Jina lake tumelihifadhi.

Ami, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, nakaa Kiembeni na mke wangu na mtoto wetu ambaye mwakani anaanza shule. Naendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Gari si langu. Ni Toyota Premio ya dada yangu mkubwa anayefanya kazi Doha. Alilinunua kwa jasho lake, likateremshwa hapa bandarini, akasema badala ya kumpa mgeni kazi afadhali ampe nduguye. Tukakubaliana kwa simu: nimpelekee Sh8,000 kila wiki, mafuta na kuosha juu yangu, bima na sevisi juu yake. Kuhusu tairi hatukusema neno. Wakati ule nani angefikiria tairi?

Ami, tairi zimenimaliza. Asubuhi natoka nje, ya nyuma iko chini. Namwita kijana wa pancha aliye kona ya kwetu, anatoa msumari, anaziba, namlipa Sh200. Wiki haijaisha, imelala tena. Na hiyo ndiyo shida ndogo. Kubwa ni kwamba tairi zenyewe zinaharibika kabisa. Tangu mwaka uanze, mbili zimetoa nundu ubavuni nikaambiwa hazifai tena. Nyingine ilichanwa na jiwe hapa njia za ndani wakati wa masika, maji yamejaa, huoni chini kuna nini. Ya nne ilinipasukia usiku karibu na Changamwe, nimebeba familia iliyoshuka treni ya Nairobi pale Miritini, mizigo hadi mapajani. Watoto walilia, mama yao akanitukana, na nyota za programu siku hiyo sikuambii. Tairi ile kijana wa pancha alikuwa ameiziba si muda mrefu kabla, pembeni karibu na ubavu, akanihakikishia kwamba hata Nairobi inafika. Spea niliyokuwa nayo ilikuwa ile nyembamba, nayo nikaimaliza usiku ule ule. Hadi leo natembea bila spea.

Tairi mpya ya saizi yangu ni Sh12,500. Gari lilipokuja lilikuwa na rimu za inchi 15, tairi 195/65. Dada alikuja likizo akaliona, akasema linafanana na gari la mzee anayengoja pensheni. Akanunua rimu za inchi 17 zinazong'aa, tairi 215/45. Picha ya gari na rimu zake ndiyo picha anayoitumia kwenye WhatsApp hadi leo. Zile za zamani ziko kwa mama, Majengo, uani, ameziwekea mabeseni juu. Pale kwenye duka la tairi waliniambia ya inchi 15 ningepata kwa Sh8,000.

Tairi mbili nilinunua mpya kwa mkopo wa simu ambao bado naulipa. Mbili nilichukua za mtumba, na muuza mtumba hana risiti. Nilipomwambia dada tugawane gharama, alinyamaza, kisha akanitumia sauti: "Mwenzangu hapa ana gari kama hilo Nairobi, dereva wake hajanunua tairi hata moja mwaka huu. Wewe tairi unazila?" Sasa anataka nimpigie picha kila tairi, na risiti juu. Ami, dada huyu ndiye aliyenilipia karo hadi kidato cha nne. Sikutegemea aniite mwizi.

Mke wangu anasema ni husda, gari linang'aa mno kwa mtaa wetu. Mama kaniambia nisome, nami nasoma. Lakini moyo wangu unamshuku kijana wa pancha. Karibu pancha zote nazigundua hapo hapo mtaani, hatua chache kutoka bandani kwake. Siku moja msumari aliouchomoa ulikuwa mpya kabisa. Jirani mmoja naye aliniambia vijana hawa humwaga misumari usiku ili wapate kazi asubuhi. Ni mtoto wa watu tunaojuana nao, twasali msikiti mmoja. Nikimtuhumu bure nitakuwa nimevunja ujirani. Nikinyamaza nitakuwa namlisha.

Nimefikiria njia tatu. Nimrudishie dada ufunguo, yaishe. Au niwe nakata pesa ya tairi kwenye hesabu kimyakimya, maana ni haki yangu. Au niweke mitumba kote kote, ninyamaze, liwalo na liwe. Ungekuwa wewe, Ami, ungefanyaje?

Dereva wa Kiembeni

Ami anajibu:

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole ya kwanza ni ya lile neno la dada yako, maana naona ndilo lililokuketisha ukaandika, kuliko hizo Sh12,500.

Niambie kama nimekuelewa. Unaendesha gari la damu yako kwa makubaliano ya mdomo yaliyotaja kila kitu isipokuwa kile kinachogusa barabara. Tairi zinaisha upesi kuliko unavyoweza kuzilipia. Mwenye gari yuko mbali, anaona hesabu ikichelewa na maombi ya pesa yakiongezeka. Na wewe, kwa kuwa huwezi kumkasirikia jiwe, umepata mtu wa kumkasirikia pale kona. Si kosa, ni ubinadamu. Lakini kabla hatujafika kwa dada wala kwa kijana, niruhusu nikae kidogo na tairi zenyewe, kwa sababu naona umezifunga hasara mbili katika furushi moja.

Kuna tairi inayotobolewa na kuna tairi inayokufa. Inayotobolewa ni ile iliyokanyaga msumari kwa sehemu ya kati, ile yenye mifereji. Tundu likiwa halizidi milimita 6, fundi mzuri huivua tairi kwenye rimu, akaikagua ndani, akaweka kiraka chenye kizibo chake, na tairi ikaendelea na maisha. Inayokufa ni ile iliyoumia ubavuni. Ubavu hupinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo kiraka hapo hakina cha kushika. Ile nundu uliyoiona hutokea tairi ikibanwa ghafla kati ya rimu na ukingo wa shimo: nyuzi za ndani hukatika, halafu upepo unausukuma mpira nje.

Sasa zihesabu zako zilizokufa. Mbili nundu. Moja jiwe. Moja kupasuka. Hakuna hata moja iliyouawa na msumari. Hata kama kijana wa kona ni ibilisi mwenyewe na kila usiku anatembea na ndoo ya misumari, huyo amekula Sh200 zako mara kwa mara. Zile Sh12,500 hakuzigusa, labda kwa tairi moja tu, ile ya Changamwe, na hiyo nitairudia kwa sababu nyingine.

Basi nani aliyezila? Mimi ningeanza kuuliza kwa rimu. Tairi yako ya zamani imeandikwa 195/65 R15. Hiyo 195 ni upana kwa milimita, na 65 ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ubavu. Piga hesabu: ubavu wa milimita 127 hivi. Ya sasa ni 215/45 R17: asilimia 45 ya 215 ni milimita 97 hivi. Yaani dada yako alipobadilisha rimu, kati ya chuma na jiwe pakaondoka sentimita tatu za mpira na upepo. Katika mji wenye lami nyororo huenda mtu asizikumbuke hizo sentimita tatu. Wewe unakaa Kiembeni, ambako ukiacha lami unaingia njia zilizojazwa kifusi cha timbo. Jiwe la matumbawe halina ukingo wa mviringo. Na wakati wa masika hali huwa mbaya maradufu, maana shimo linajificha chini ya maji na mpira uliolowa huchanika kwa urahisi kuliko mkavu.

Nakuomba pia uchuchumae usome namba nyingine ubavuni, ile inayofuata baada ya saizi. Tairi nyingi za 195/65 R15 zimeandikwa 91, maana yake kila moja inaweza kubeba kilo 615. Tairi ya kawaida ya 215/45 R17 mara nyingi ni 87, yaani kilo 545. Zipo zilizoongezewa nguvu, zenye herufi XL, ambazo hufika 91, lakini hizo zinataka upepo zaidi ndipo zibebe uzito huo. Je, kila ulipobadilisha tairi uliangalia hilo, au ulipewa tu inayoingia kwenye rimu? Na upepo unajaza kiasi gani? Kile kibandiko cha upepo kilicho mlangoni upande wa dereva kinasema habari za tairi zilizokuja na gari, hakijui habari za rimu za dada. Kwa saizi ya sasa muulize fundi anayeuza na kufunga tairi kwa kazi, si anayebahatisha, kisha pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima baada ya safari ya Mtwapa na jua la saa saba, kipimo kitakudanganya, maana hewa iliyopata joto husomeka juu.

Naja kwenye jambo ambalo watu wa bara hawalijui sana. Sisi twakaa na chumvi. Rimu za alumini zikishakwaruzwa, hewa ya bahari huanza kuzila pale ambapo tairi hukaza dhidi ya rimu, na upepo huvuja taratibu bila msumari wowote. Rimu iliyopinda kidogo kwa kugonga shimo nayo hufanya hivyo hivyo, na ya kwako imegonga mara ngapi Mungu anajua. Unaamka asubuhi tairi iko chini, unaita pancha. Kijana akikuta msumari vizuri, asipouona je? Siku tairi ikilala, chukua sabuni ya unga na maji, paka povu kwenye sehemu inayokanyaga, kisha mzunguko wote wa rimu, kisha valvu. Povu litakapochemka ndipo penye shida. Ni kazi ya dakika chache, na huenda ikakupa jibu ambalo umekuwa ukilitafuta kwenye uso wa mtoto wa jirani.

Huyo kijana. Unasema pancha nyingi unazigundua karibu na banda lake. Mwanangu, si ndipo unapolaza gari? Msumari ukiingia kwenye tairi isiyo na mpira wa ndani, mara nyingi wenyewe huziba tundu lake. Unaweza kuukanyaga Jomvu mchana, ukazunguka nao mji mzima, na upepo ukaisha usiku gari likiwa limelala mlangoni kwako. Njia ile ya malori, kutoka Changamwe hadi Mazeras, malori yakipasukiwa huacha vipande vya tairi vyenye nyaya za chuma, na waya mmoja wa namna hiyo watosha. Hata lile la tairi ya nyuma kutobolewa zaidi lina maelezo: ya mbele huukanyaga msumari uliolala, ikauinua, ya nyuma ikaupokea umesimama. Na msumari mpya? Mtaa wa Kiembeni hauishi ujenzi. Palipo na seremala wa mbao za zege, hapakosi misumari mipya njiani.

Sisemi kwamba vijana wa kumwaga misumari hawapo duniani. Nasema ushahidi ulionao hautoshi kumvunjia mtu jina, na katika nchi yetu tuhuma ikitamkwa kwa sauti barabarani unajua mara nyingi inavyokwisha. Kama moyo hautulii, weka mkebe ndani ya gari na utie humo kila kinachochomolewa. Ukikuta mchanganyiko wa waya, parafujo, kipande cha chupa na msumari wenye kutu, umejibiwa. Ukikuta ni misumari ya aina moja, mipya yote, basi una kitu cha kumwonyesha babake au mzee wa mtaa, faraghani, kwa adabu. Unaweza pia kuziba pancha kwingine kwa muda. Hatari yake ni kwamba ataona umemhama na atajiuliza kwa nini, kwa hiyo mwamkie kama kawaida.

Lawama ninayoiona mimi kwake ni nyingine kabisa. Tairi ya Changamwe aliiziba pembeni karibu na ubavu, mahali ambapo hapazibwi. Mimi sikuwapo, na huenda tairi ile iliisha kwa jambo jingine. Lakini tairi inayovuja polepole, halafu ikabebeshwa familia na mizigo yake kwenye barabara kuu, hupinda kupita kiasi, kupinda huzaa joto, na joto hulegeza tabaka za ndani hadi ubavu ufunguke. Kijana alisema ndiyo kwa kazi aliyopaswa kuikataa. Je, angekataa ungefurahi? Pengine ungemwona hajui kazi ukaenda kwa mwingine. Haya mazungumzo unaweza kuyafanya naye bila kumwita mhalifu, na yana faida kwa kila mwenye gari wa mtaa huo.

Kuhusu husda, endelea kusoma na mama aendelee kukuombea. Dua haijawahi kumkataza mtu kupima upepo.

Tuje kwa dada. Umeandika kwamba amekuita mwizi. Nimeisoma tena ile sauti ulivyoinukuu. Ni swali baya, limeulizwa vibaya, na kama ningekuwa karibu naye ningemwambia hivyo. Lakini hebu kaa upande wake kidogo. Yuko Doha, kila mwezi anahesabu siku za kurudi, na gari hilo huenda ndiyo mali yake ya kwanza inayoonekana kwa macho. Haoni shimo la Kiembeni. Anaona ujumbe wako, na ana mwenzake wa kumlinganisha na wewe. Mtu aliye mbali hana macho mengine isipokuwa simu, ndiyo sababu anaomba picha. Je, inawezekana picha anazozitaka si za kukutafutia kosa, bali za kumpa jibu yeye mwenyewe anapoulizwa na wenzake kuhusu mradi wake? Sijui. Wewe ndiye umjuaye, uliyelelewa naye.

Na ule mfano wa dereva wa Nairobi usiutupe, uutumie. Muulize kwa upole: gari la mwenzako lina rimu inchi ngapi? Likiwa na zile zilizotoka nalo kiwandani, basi mnalinganisha vitu viwili tofauti, na dada atakuwa amelisema mwenyewe bila wewe kumbebesha. Maana ugumu wako halisi ninauona hapa. Ukimwambia rimu ndizo zinazokula pesa, unamwambia kwamba kitu alichokinunua kwa furaha, alichokiweka kwenye picha yake akajivunia, ndicho kinachomfilisi nduguye. Neno hilo lina njia nyingi za kutamkwa, na nyingi ni mbaya.

Usilitume kwa sauti usiku baada ya kuchelewesha hesabu. Ngoja siku yake ya mapumziko, na kama ni Ijumaa, baada ya swala, mpigie mwonane uso. Uwe umeshatayarisha: picha za nundu zile kama unazo, picha ya njia ya kwenu baada ya mvua, namba za tairi za zamani na mpya, bei zote mbili. Mwonyeshe jiwe kabla ya kumwonyesha bili. Kisha mpe nafasi ya kuamua kama mwenye mali. Rimu ni zake. Anaweza kusema zirudi zile za Majengo, na hizi zinazong'aa zihifadhiwe zifungwe siku za sikukuu na akija likizo. Anaweza kusema ziuzwe. Anaweza pia kusema hapana, nataka zibaki, na hiyo ni haki yake, ila hapo litafuata swali ambalo hamkuuliza mwanzoni: anayetaka rimu zile, gharama ya tairi zake ni ya nani?

Tahadhari kidogo kama mtarudi kwenye zile za zamani. Zikaguliwe kwanza kama hazijapinda wala kuliwa na kutu. Nati za rimu moja si lazima zikae sawa kwenye nyingine, fundi ahakikishe. Tairi zilizoko juu yake zisome umri: ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2216 ni wiki ya 22 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi hushauri tairi isivuke miaka 10 hata kama haijawa kipara. Macho hayo hayo uyapeleke kwa muuza mtumba. Njia yako ya tatu, ya kuweka mitumba kote na kunyamaza, nafuu yake ni ya siku ya kununua tu. Mpira uliokaa miaka mingi umekauka, na wewe wabeba watoto wa watu. Najua pia kuna siku mfukoni hamna kingine. Siku hiyo angalau soma zile tarakimu nne, pitisha kidole ndani na nje ya ubavu, na ukiona nyufa au kiraka cha pembeni, iache.

Njia ya pili, ya kukata kimyakimya, naielewa hasira iliyoizaa. Huenda hata hesabu ikawa upande wako. Shida yake ni kwamba dada tayari ameshuku pesa zinapotea mahali asipopaona, na wewe unataka kuanza kuzitoa mahali asipopaona. Siku akijua, hataangalia kama ulikuwa na haki. Yale unayotaka kuyakata gizani, kwa nini yasikatwe mezani? Kuna wenye magari na madereva wanaoelewana kwamba pancha ni ya dereva na tairi ni ya mwenye gari. Wengine hutenga sehemu ya hesabu kila wiki. Ukitenga Sh600 kwa wiki, kwa mwaka ni Sh31,200, karibu bei ya tairi nne za inchi 15 kwa bei uliyopewa. Kwa zile za inchi 17 fedha hizo hazifiki hata tairi tatu. Hesabu hiyo tu, ikiandikwa kwenye karatasi ikapigwa picha, inaweza kuzungumza na dada yako vizuri kuliko mimi na wewe. Iwe Sh600 yatoka kwake, kwako au nusu kwa nusu, hilo mlizungumze nyinyi, na likishakubaliwa mliandike, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Na kurudisha ufunguo? Sikushauri wala sikukatazi. Kuna ndugu waliookoa undugu wao kwa kuvunja biashara mapema. Lakini mkopo wa simu hautarudi pamoja na ufunguo, mtoto anaingia shule, na ukirudisha ukiwa na hasira, lile neno lake litabaki limesimama bila kujibiwa. Kama utarudisha, jiulize kwanza kama ungefanya hivyo hata angekuomba radhi. Jibu likiwa ndiyo, basi labda kazi yenyewe imekuchosha na tairi ni kisingizio, na hilo nalo ni jambo la kuzungumza na mke wako kabla ya dada.

Swali moja sikukuuliza kwa kuogopa utaniona nimehamia upande wa Doha, lakini nitaliuliza. Zile nundu mbili zilitokea saa ngapi? Kama ni usiku wa manane, umeshazunguka tangu alfajiri ukikimbiza hesabu, basi hata rimu za inchi 15 hazitakuponya kabisa. Jicho lililochoka haliwahi kuliona shimo. Huenda ukalazimika kuchagua njia ya ndani usiyoingia usiku, umwombe abiria akutane nawe kwenye lami. Wengine watakubali, wengine watakupunguzia nyota.

Kuna jambo lisilongoja Ijumaa wala dada. Huwezi kuendelea kubeba watu bila spea. Pita Majengo leo, umwombe mama rimu moja, ikaguliwe, ijazwe upepo, uiweke kwenye buti pamoja na jeki na spana. Ilikuwa ya gari hilo, kwa hiyo breki zitaipisha. Kimo chake kimezidi kidogo cha hizi za sasa, basi ikibidi kuitumia ifunge nyuma. Kama iliyolala ni ya mbele, hamishia mbele moja ya nyuma kwanza, halafu uende polepole hadi kwa fundi, usiifanye ya kukaa. Itakula nafasi ya mizigo, na abiria wa treni watanung'unika.